Siku Injinia wa Dar alipokuja Mpanda kununua softiwea ya ng'ombe

Wakuu, heshima kwenu wote, nyie wa humu siku nyingi na nyie mlioingia juzi.

Leo nasimulia jambo lililonipata mwenyewe. Sijatia chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea, ingawa ningeweza kujisifia tu na nyie msijue.

Ni miaka ya tisini, Mpanda. Mkoa wa Katavi haukuwepo, tulikuwa wilaya tu ndani ya Rukwa. Nilikuwa na duka Kashaulili, jirani na soko. Nauza betri, madaftari, mafuta ya taa, chumvi, redio moja moja. Nilikuwa na jenereta ndogo pia, na kwa sababu ya hiyo jenereta nilijiona mtu mkubwa sana pale mjini.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "softiwea gani Mpanda miaka hiyo, tupunguze kamba." Mkuu, kaa kitako kwanza.

Kulikuwa na dada mmoja anaitwa Nyamizi, Mnyamwezi, alikuwa mchapaji kwenye mradi wa mifugo. Mradi ukafungwa, wafadhili wakaondoka, wakamwachia kompyuta moja, printa na kitabu kinene cha kufundisha kuandika programu. Kitabu chote Kiingereza. Dada alikuwa na kamusi, na alikuwa mbishi.

Akawa anakuja dukani kila asubuhi. Mimi nawasha jenereta, yeye anakaa nyuma ya magunia ya chumvi anabonyeza. Nikimuuliza unafanya nini, ananijibu "naandika." Nikajua anaandika barua.

Kumbe anatengeneza programu ya josho.

Kwa nyie wa mjini: josho ni lile handaki la saruji lenye maji na dawa ya kupe. Ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, wanaogelea, wanatokea upande wa pili. Inatakiwa iandikwe ni wa nani aliyeoga na nani hajaoga. Enzi hizo yote hayo yalikuwa kwenye daftari lililolowa, halisomeki.

Sasa utamu wa kazi ya Nyamizi ulikuwa hapa.

Wafugaji wetu wengi ni Wasukuma waliohamia na mifugo yao kutoka kaskazini. Mtu wa aina hiyo ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, umeshaharibu. Idadi haitamkwi mbele za watu. Ni mkosi, na tuseme ukweli, inaleta na watu wa kodi. Maofisa wote waliopita walianza na swali hilo, na wote walidanganywa.

Programu ya Nyamizi haikuuliza idadi hata mara moja. Ilimtambua ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama yake. Basi.

Na rangi si nyeusi na nyeupe kama mnavyofikiri. Ng'ombe mwekundu mwenye tumbo jeupe ana neno lake. Mweusi aliyemwagikiwa majivu mgongoni ana neno lake. Mwenye madoa madogo kama kanga ana neno lake. Siyaandiki hapa kwa Kisukuma maana Kisukuma changu ni cha kununulia maziwa, watu watanicheka.

Maneno hayo yalikuwa sitini na zaidi. Mengi aliyatoa mtu mmoja wa Kasokola, Mzee Luhende.

Mzee Luhende msimfikirie kuwa mtu mpole wa busara. Alikuwa mgomvi, mwenye majivuno, na mimi aliniita "wewe wa duka" miaka yote niliyomfahamu, kama sina jina. Lakini kwenye ng'ombe, acha kabisa. Kiangazi kizima Nyamizi alipanda baiskeli kwenda kwake na daftari. Akikosea rangi, mzee anamfukuza, anamwambia arudi akishapona macho.

Malipo hakutaka. Aliomba kitu kimoja tu, na nilikuwepo siku anaomba.

"Mayu," alimwambia Nyamizi, maana ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "mashine hii itafika Dar. Mimi sitafika. Jina langu liende."

Nyamizi akamwahidi. Akaweka ukurasa ndani ya programu, ukibonyeza herufi W unaona "Waliotoa maneno", halafu orodha ya majina. Mimi niliuona ukurasa huo ukipita mara moja mbili. Majina ya Kisukuma juu mpaka chini, sikuwahi kuusoma.

Baada ya ile ya josho akatengeneza ya mnada na ya chanjo. Zote tatu akaziita Zizi. Majosho manne yakawa yanatumia, na ofisi moja ya mifugo. Yeye anakusanya karatasi kwa baiskeli, anaingiza dukani kwangu, printa inakereza mpaka wateja wanaziba masikio.

Halafu bwana mifugo mmoja akahamishiwa Dar, akaenda kusimulia huko.

Siku moja treni ikamshusha Injinia.

Alikuwa na kampuni yake Dar, jina nalihifadhi. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, anaongea vizuri. Alikaa dukani asubuhi nzima akiichezea Zizi na hakuficha kwamba ameipenda. Akasema anataka kununua zote tatu, jumla jumla. Disketi mama, haki zote, kila kitu. Kampuni yake itaiuza nchi nzima.

Nyamizi alikuwa Kasokola siku hiyo. Mimi ndio nilikuwepo, mimi mwenye jenereta, mimi mbia wake tuliyekubaliana kugawana mapato.

Injinia akasema ana marekebisho mawili madogo. La kwanza, ukurasa wa mwanzo uonyeshe idadi ya ng'ombe wa kila mfugaji, kwa herufi kubwa. La pili, ile orodha ya majina itolewe. Kiofisi haikai vizuri, alisema, mteja wa Arusha anataka nini na wazee wa Kasokola.

Wakuu, nilikubali palepale.

Sikumsubiri Nyamizi. Nilishaiona mashine yangu ya kusaga Kawajense, naisikia kabisa inavyounguruma. Tukaenda kwa mchapaji mwingine pale mjini, mkataba ukachapwa, majina nje. Kwa Mzee Luhende sikuwaza hata dakika moja.

Nyamizi alirudi jioni na vumbi lake. Akausoma mkataba akiwa amesimama, akaukunja, akaniangalia. Nilijiandaa kugombezwa.

"Kaka Shabani," alisema, "kesho ni siku ya josho. Mlete mgeni aone. Akishaona ndio nitasaini au sitasaini."

Usiku ule usingizi ulinipita pembeni.

Asubuhi tukapakia kompyuta kwenye pikapu ya kukodi, tumeifunga kwa magodoro. Kufika Kasokola kuwasha jenereta, ng'ombe wakagoma kusogea. Ikabidi tuvute waya mrefu tukaiweke jenereta nyuma ya kichuguu. Meza ikakaa karibu na mlango wa josho, kompyuta juu, Nyamizi kwenye kigoda.

Injinia akaomba aanze yeye, aonyeshe toleo lake jipya litakavyofanya kazi. Akamfuata mfugaji wa kwanza, akamwamkia vizuri kabisa, halafu akamuuliza.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Yule mtu hakujibu. Alipiga mluzi. Ng'ombe wake wakageuka wote, wakarudi walikotoka. Wa pili akageuza wake. Wa tatu hakusubiri kuulizwa.

Haikuchukua muda, josho likabaki na inzi na sisi. Injinia amesimama na kalamu mkononi, viatu vimejaa samadi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyebaki ni Mzee Luhende na kundi lake, na hakubaki kwa upendo. Alibaki kwa sababu alitaka kuona aibu yetu mpaka mwisho.

Nyamizi akainuka, akamwendea, akapiga magoti kidogo kumsalimia. Wakaongea. Lugha zao zinasikilizana, mimi nilishika kidogo tu. Hakumwambia kwamba jina lake linataka kufutwa, hilo nilikuwa nasikilizia kwa hofu. Alimwambia mgeni huyu ametoka mbali na hajui ng'ombe.

Basi hapo alikuwa amemgusa penyewe.

Mzee akamshika Injinia mkono, akamsimamisha kwenye uchochoro wa josho, pembeni ya meza ya kompyuta. Ng'ombe wakaanza kupita mmoja mmoja. Kila anayepita mzee anataja rangi yake, anamtaja mama yake, mama wa mama yake, na alikozaliwa. Haangalii popote, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Nyamizi anatafsiri. Injinia anabonyeza mshale, kioo kinaleta kilekile alichosema mzee.

Ng'ombe baada ya ng'ombe, bila kukosea. Niliona Injinia ameirudisha kalamu yake mfukoni.

Halafu akapita mtamba mmoja, yaani jike ambaye hajazaa bado, mweusi wa majivu. Mzee akataja mama. Kioo kikaleta mama mwingine.

Injinia akatabasamu. "Hapa mzee amekosea."

Nyamizi akatafsiri, na nadhani alifanya makusudi. Mzee Luhende akamzuia yule mtamba kwa fimbo, akageuka taratibu.

"Mashine imekosea," alisema, kwa Kiswahili sasa, ili wote tusikie. "Mama yake alikufa wiki aliyozaliwa. Huyo mliyemwandika alimnyonyesha tu. Aliyeandika alimkuta ananyonya, hakuuliza."

Nyamizi akachukua daftari lake la zamani, akafunua, akatafuta kwa kidole. Akakuta mwandiko wake mwenyewe pembeni, kwa penseli: *ananyonya kwa*. Alipoingiza kwenye kompyuta alisahau.

Akalirekebisha kosa palepale mbele ya watu, na akamwomba mzee radhi. Mzee akaguna, akaruhusu mtamba apite.

Wa mwisho alipotoka majini, Injinia akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto wa shule, wamepita wangapi.

"Si umewaona wote?" mzee akamjibu. "Namba ya nini?"

Wakuu, mimi nimekaa na watu wengi wasomi. Sijawahi kuona mtu akikubali somo haraka kama yule Injinia. Na kwa hili nampa heshima yake, maana wengine wangenuna. Alifika dukani, akauomba mkataba, akafuta kwa mkono wake sehemu ya idadi. Chini akaandika kwa kalamu kwamba majina ya waliotoa maneno hayatafutwa kwenye toleo lolote, leo wala baadaye. Akasaini kwanza yeye.

Nyamizi akasaini. Halafu akanisogezea mimi kalamu, bila kunisema chochote, na hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Treni ikaondoka na Zizi. Mashine ya kusaga niliipata, ipo Kawajense mpaka leo, inaendeshwa na binti yangu.

Mzee Luhende alifariki miaka michache baadaye. Hakuwahi kufika Dar.

Sasa sikilizeni hii.

Muda mrefu umepita, nikawa nimeenda wilaya moja mbali huko, mkoa mwingine kabisa, kufuata kibali cha kusafirisha ng'ombe wa harusi. Karani wa ofisi ya mifugo ananihudumia, naangalia kioo chake, nikaona mpangilio ninaoujua. Rangi, halafu mama. Jina la kampuni ya Injinia juu, linameremeta. Karani mwenyewe kijana, hajui hata Mpanda iko wapi.

Nikamwambia, samahani mdogo wangu, hebu bonyeza W.

Akasema haifanyi kitu hiyo. Nikamwambia bonyeza tu.

Ikaja. "Waliotoa maneno." Jina la kwanza, Luhende wa Kasokola. Machozi yalinitoka, siwafichi. Yule mgomvi alikuwa amefika mbali kuliko Dar, na sisi watu wa duka tulitaka kumwacha stesheni.

Nikaanza kuusoma ukurasa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Jina la pili, la tatu, la nne, wote watu wa josho, wengi wameshatangulia. Nikatafuta jina la Nyamizi. Halimo.

Jina la mwisho, chini kabisa, liliandikwa hivi: Shabani wa Kashaulili, mwenye jenereta.

Nilikaa chini, karani akanipa maji.

Niliporudi Mpanda nilikwenda kwa Nyamizi moja kwa moja, hata nyumbani sikupita. Ni mstaafu sasa, anafuga kuku, ubishi ni uleule. Nikamuuliza kwa nini siku ile ya mkataba hakuniambia kwamba na mimi nimo.

Akaendelea kuwamwagia kuku pumba.

"Ningekuambia ungeyatetea majina kwa ajili ya jina lako," alisema. "Mimi nilitaka uyatetee kwa ajili ya mzee."

Nikalichukua debe la pumba mkononi mwake, nikaendelea mimi kuwamwagia kuku.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kabla hujakubali kufuta kitu, kisome mpaka mwisho. Na ukiuza kazi, kumbuka ulipoitoa. Injinia alilijua hilo ndani ya asubuhi moja pale josho. Mimi ilinichukua nusu ya umri wangu.

Uwanja wenu sasa. Wa Mpanda mliowahi kuogesha ng'ombe Kasokola njooni mshuhudie, na wale wa kubisha karibuni pia. Ila mnijibu na hili: mngekuwa nyie ndio Nyamizi, mmeukuta mkataba ule mezani na sahihi yangu inasubiri, jina langu mngeliacha kwenye orodha?