Alama ya Gurudumu la Nyuma

Mteja anayeanza na hadithi ya shida zake anataka kupunguziwa bei. Hilo nilijifunza zamani, nilipokuwa natembeza viberiti na sindano mkononi, kabla sijapata duka. Ndiyo maana Dubow Nuh alinichanganya. Mwaka wa 1965 alikuja dukani kwangu Garissa Jumatatu tatu mfululizo, akasimama mbele ya magurudumu mawili ya baiskeli yaliyoning'inia ukutani, akayatazama, akaondoka. Hakuuliza bei, hakulalamika.

Nilimjua kwa harufu kabla ya kumjua kwa jina. Alikuwa mkwangua ngozi katika banda moja nyuma ya machinjio. Kutwa nzima alikuwa akiondoa mafuta kwa kisu butu, akipaka chumvi, akizitandaza ngozi juani. Chumba chake cha kupanga kilikuwa cha mwisho kwenye safu, na chumba kilichopakana nacho hakikupata mpangaji. Mkahawani watu walimsalimu vizuri, wakahamisha vikombe vyao meza ya pili. Hakukasirika. Alikunywa chai yake akitazama barabara, akalipa, akaenda zake.

Mkewe, Ardo, alikuwa nyikani na mifugo ya baba yake, mzee Kulow. Kabla ya vita Dubow alikuwa akitoka mjini atakapo, analala huko siku mbili tatu, anarudi amenenepa kwa maziwa. Vita vilipoanza, serikali ikawa upande huu na wapiganaji waliotaka jimbo liende Somalia upande ule, na watu kama Dubow wakabaki katikati na cheti mfukoni. Cheti chake kilimruhusu kutoka Jumapili tu, jua likichomoza, na kurudi kabla halijazama. Ukichelewa, wewe ni shifta, mmoja wa wapiganaji hao. Hakuna atakayekuuliza ulichelewa kwa nini.

Kwa hiyo ndoa yake yote ilikuwa ndani ya mwanga wa siku moja, na siku yenyewe ililiwa na njia. Baiskeli aliinunua kwa karani wa Kizungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa ya spoti, nyepesi, na magurudumu yaliyotoka nayo kiwandani yalikuwa membamba kama kidole. Kwenye lami ya Nairobi ingeruka. Kwenye mchanga wetu ilizama mpaka rimu, na miiba iliona tairi kama ngozi ya mtoto. Ardo akiwa maili kumi na nane, Dubow alifika akiwa amesukuma nusu ya njia, akakaa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, akageuka.

Jumatatu ya nne alifungua mdomo.

"Abti," alisema. Mama yangu alikuwa wa ukoo wao, kwa hiyo yeye alikuwa mjomba wangu, abti, nami mpwa wake, na kwetu mjomba na mpwa huitana neno hilohilo. "Kulow amefuata majani. Sasa wako maili ishirini na nne."

"Basi nunua ngamia."

"Ngamia hana cheti. Hayo magurudumu yataingia kwenye baiskeli yangu?"

Yalikuwa mapana, yenye spoki nene na tairi za vifundo vya mraba. Niliyapata kwenye mnada wa vitu chakavu vya serikali. Nilipima. Kimo kilikuwa kilekile. Ilibidi tu kung'oa madigadi, na breki zisingefika.

"Yataingia. Utasimama kwa miguu yako."

"Bei?"

"Sitini, na yako ya zamani unaniachia."

"Sitini! Abti, unaniuzia magurudumu au gari?"

"Gari lina viti. Mimi nakuuzia siku ya Jumapili. Yale membamba yanakufikisha wapi?"

Alibonyeza tairi ukutani kwa kidole gumba. Nilijua nimemgusa penye maumivu, na sikuona aibu, ndiyo kazi. Kisha akaniambia jambo ambalo hakupaswa kumwambia muuzaji, kwamba alikuwa na shilingi sabini na tano, na kwamba zilikuwa za mabati. Alitaka kujenga chumba chake mwenyewe pembeni mwa mji, mbali na pua za watu, amlete Ardo.

"Mabati ni ya mwaka kesho," alisema, kama anayejipigia hesabu peke yake. "Na mwaka kesho ni wa nani?"

"Kama unaogopa, anza na la nyuma peke yake. La nyuma ndilo linalobeba."

"Likizama la mbele, la nyuma litanisaidia nini? Nataka yote mawili. Arobaini na tano."

Tulimaliza kwa hamsini na mbili. Nilimfungia magurudumu mwenyewe, nikayakaza spoki, nikatundika yake ya zamani kwenye msumari uleule. Alizunguka mara moja mbele ya duka, mchangani, bila kuzama. Nilimwona akicheka, na sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

Jumapili ya kwanza alifika kambini kabla ya saa nne. Hakukuta mtu. Kulow alikuwa amehamisha mifugo, jambo la kawaida kwa mfugaji, hadi bonde la pili au la tatu. Dubow alizunguka kulia, akazunguka kushoto, akapanda kila kilima akaita. Saa sita na nusu ikamlazimu kugeuka. Alirudi mapema, baiskeli haina pancha hata moja, lakini bila tone la maziwa. Alikuja kununua sukari kwangu kesho yake akasema magurudumu ni mazuri sana. Alilisema hilo mara mbili.

Jumapili ya pili ndiyo aliyonieleza kwa kirefu, na alinieleza akiwa amechuchumaa mlangoni kwangu, akichora kwa kijiti.

Aliiona kambi mpya, lakini ilikuwa tupu. Ua wa miiba ulikuwa mzima. Moto ulikuwa umezimwa kwa mchanga, si kwa kuachwa ufe. Nguzo mbili za nyumba ya mikeka zilikuwa chini, na karibu yake chombo cha maziwa cha Ardo, kile alichokisuka mwenyewe kabla ya harusi, kimelala ubavu.

"Mwanamke haachi chombo hicho," alisema Dubow. "Atamwacha hata mke mwenza, lakini si hicho."

Basi akasoma ardhi. Huku kwetu mtu hujifunza kusoma nyayo kabla ya kujifunza kuhesabu. Unyayo wa mtu wako unaujua kama sauti yake. Alimwona Kulow na fimbo yake. Aliwaona mbuzi wakiswagwa kwa haraka, wamebanana. Kisha kwenye udongo mkavu wa bwawa akaona alama ya tairi, pana, ya vifundo vya mraba, na kuizunguka nyayo za watu waliokuwa wamechuchumaa kuitazama. Mmoja alikuwa ameweka kiganja juu yake, kuipima.

"Halafu nikamwona Ardo, abti. Vidole vimechimba, kisigino hakikugusa chini. Alikuwa anakimbia." Alivunja kile kijiti. "Nikasema, nani huyu amekuja na baiskeli akawatisha watu wangu? Nikageuka kutafuta alikotokea. Nikaona nyuma yangu alama ileile, imetoka mjini, imekuja mpaka chini ya makalio yangu. Ile ya bwawani nilikuwa nimeiacha mwenyewe Jumapili iliyopita."

 Vifundo vya mraba, upana wa vidole vitatu: huyo ni tarishi wa serikali na baiskeli yake, na nyuma ya tarishi huja malori ya askari. Kila mchungaji kati ya Tana na Wajir aliijua alama hiyo. Nami niliyapima magurudumu kwa kimo, kwa upana, kwa bei, nikasahau kuyatazama yanachoandika chini. Kijana wa mbuzi asingekosea hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa dukani muda mrefu mno.

"Ile nyembamba waliijua," alisema. "Ni mimi peke yangu niliyekuwa nayo. Hata wale wa porini waliijua, waliniacha nipite."

"Nenda kwa miguu basi. Waone unyayo wako."

"Maili ishirini na nne kwenda, ishirini na nne kurudi, kati ya jua na jua? Wewe ungeweza?"

"Nikurudishie membamba?"

"Hayafiki. Na sasa wamekwenda mbali zaidi, kwa ajili yangu."

Alikaa pale mpaka wateja wawili wakaja, wakasikia harufu, wakaondoka. Ningemfukuza siku nyingine. Kisha akainuka, akashusha gurudumu lake moja jembamba kutoka msumarini bila kuniomba ruhusa, akaingia nalo uani. Akaendesha baiskeli yake hatua kumi mchangani. Akarudi mwanzo, akaviringisha lile jembamba juu ya alama hiyohiyo, polepole, kwa mkono.

"Njoo utazame."

Nilitazama. Vifundo vya mraba vilikuwa pande mbili, na katikati yake, juu yake, mstari mwembamba uliokwenda moja kwa moja.

"La nyuma ndilo linalopita mwisho," alisema. "Weka pana mbele, lisizame. Nyuma niwekee langu."

"La nyuma ndilo linalobeba mzigo, nilikwambia. Utavunja spoki."

"Mzigo ni mimi, na nimekonda. Na breki ya nyuma itarudi. Unanirudishia shilingi ngapi kwa hilo pana moja?"

Hapo nikaamka. "Nikurudishie? Gurudumu moja nitamuuzia nani, mtu wa mguu mmoja?"

"Muuzie mwenye mkokoteni."

"Mkokoteni wa gurudumu moja! Shilingi kumi, na usinichoshe."

"Umenikimbizia mke, abti. Ishirini na tano."

Nilimpa kumi na nane. Sijawahi kurudisha pesa kwa bidhaa nzima, kabla ya hapo wala baadaye, na sikumwambia hivyo.

Jumapili ya tatu, askari wa kizuizi cha barabarani alisoma cheti chake, akaitazama baiskeli, mbele nene, nyuma nyembamba, akawaita wenzake. "Mzee, siku hizi unapanda fisi?" Walicheka wakamwachia. Dubow alikwenda mpaka kwenye ile kambi tupu. Hakumtafuta mtu. Alijua akianza kuzunguka atawasukuma mbali zaidi. Alikizunguka chombo cha maziwa mara tatu kwa baiskeli, taratibu, mduara ndani ya mduara, akaacha pakiti ya sukari ndani yake, akaketi kidogo chini ya mti wa miiba, akarudi. Zaidi ya maili arobaini na nane, kwenda na kurudi, ili kuzunguka chombo kitupu. Mkahawani walimuuliza habari za nyumbani, akasema njema.

Wiki hiyo alifanya kazi kama kawaida. Nilipita bandani kwao kwa shughuli yangu nikamwona amesimama na kisu juu ya ngozi iliyokwisha kuwa safi, anaikwangua tu.

Jumapili ya nne chombo hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na nyayo. Kisigino kimegusa, vidole vimetulia. Mtu aliyesimama muda mrefu. Zilifuata mduara wake mara moja, nje kidogo ya mstari, kisha zikaelekea mashariki kwa hatua fupi za mtu anayetaka kufuatwa. Alizifuata maili mbili. Ardo alikuwa amekaa peke yake penye kivuli, chombo mapajani, kimejaa maziwa.

"Umekawia," alimwambia.

"Wewe ndiye uliyekimbia."

"Ningefanya nini kingine? Baba aliweka kiganja juu ya ile alama akasema serikali imekuja mpaka mlangoni. Mimi mwenyewe niliswaga mbuzi." Akaitazama baiskeli yake. "Halafu narudi kuchukua chombo changu, naona gurudumu lako limeipanda serikali mgongoni. Nikasema, huyu mpumbavu bado yu hai."

"Sukari uliiona?"

"Imeliwa na sisimizi nusu. Kunywa."

Alikunywa. Kambi ilikuwa mbali na hapo, Kulow hakutaka mtu aijue kwa sasa, hata mkwe, naye Dubow hakuuliza. Walikuwa na muda wa saa moja na robo. Alimweleza habari ya mabati, kwamba hayatakuwapo mwaka huo. Ardo alisema mbuzi hawaishi ndani ya mabati. Akamnusa bega, akamwambia ananuka kama kawaida, na kwamba asiache kunuka, maana hata alama zikifutika atamjua kwa hilo. Kisha kivuli kikasogea, wote wawili wakakiona, na Dubow akainuka bila kuambiwa.

Haya ya kukutana kwao alinieleza mara moja tu, wakati nikimbadilishia spoki mbili zilizokatika nyuma, kama nilivyosema zitakatika. Nilimtoza bei ya kawaida. Alikwenda Jumapili zilizofuata, nyingine akamkuta, nyingine akakuta nyayo tu, akazisoma, akaacha zake juu yazo na kurudi.

Yale magurudumu mawili, pana moja na jembamba moja, yalibaki kwenye msumari wangu. Watu waliyauliza. Niliwaambia si jozi.