Fundi Ngusa Aliyefunga Mvua

Siku ya kwanza baada ya Fundi Ngusa kutengwa, mimi ndiye niliyetangulia kumnyima chumvi. Alisimama mbele ya duka langu, mkono wa kulia umezungushiwa kitambaa, akanisalimu Kisukuma, "Mwadila, Mama Kudra." Nikampa mgongo, nikaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Ngusa alikuwa fundi cherehani wa kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Buseresere. Mtu wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, hanywi, hagombani. Wenzake walipokwenda kubahatisha machimboni, yeye alibaki nyumbani akitengeneza tiara za kurushwa upeponi. Alichonga vijiti vya mwanzi kwa kipande cha chupa, akakilaza kila kijiti juu ya kidole kimoja aone upande upi mzito, akapunguza, akapima tena. Mwili wa tiara ulikuwa nailoni inayofungiwa magodoro mapya, aliyoiomba madukani Buseresere na kuishona kwa mkono mwepesi isichanike. Uzi ulikuwa wa kuvulia samaki, kutoka Chato.

"Mkia ukiwa mfupi, inayumba kama mlevi," aliniambia wakati mmoja. "Ukizidi urefu, haipandi. Kazi yote iko mkiani, mayu."

Aliniita mayu, yaani mama. Nilimuuliza anapata raha gani.

"Nikishika uzi nasikia upepo unavyovuta. Basi."

Mwaka ule mvua iligoma. Novemba ikapita, Desemba ikapita. Mahindi tuliyopanda vumbini yaliota yakafa, na pamba hatukuipanda kabisa. Kila alasiri mawingu yalikuja kutoka upande wa ziwa, yakajikusanya, halafu yakatawanyika. Upepo uliokuja na mawingu hayo ndio Ngusa aliokuwa akiungoja. Kwa hiyo kila tulipoinua macho kutazama wingu, tuliona chini yake kitu cheusi chenye umbo la mwewe, kikubwa kama mlango, kimetulia hewani.

"Anayafukuza," mtu fulani alisema gulioni. Sijui nani aliyeanza. Mimi mwenyewe nililisema neno hilo zaidi ya mara moja wiki ile. Mimi ni mtu wa kuja, mume wangu alitufikisha huku akifuata dhahabu, na mtu wa kuja hujifunza haraka kusema yanayosemwa.

Sungusungu wakaitisha mkutano. Hao ndio walinzi wa kijiji, na kamanda wao alikuwa Boaz, ambaye suti yake ya harusi ilishonwa na Ngusa. Wakamsimamisha fundi katikati pamoja na tiara zake zote tisa. Masele, mfyatua tofali, ndiye aliyezibeba.

"Hii nini?" Boaz aliuliza.

"Tiara."

"Ya kazi gani?"

"Ya kurusha."

"Ukisharusha unapata nini?"

Ngusa alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kujibu ukweli. "Sipati kitu."

Watu wakaguna. Mzee mzima ahangaike miezi mitatu na kitu kisichompa kitu, nani angeamini?

Wakamwamuru azichome mwenyewe. Nane aliziweka motoni. Ya tisa, ile ya mwewe, Boaz alimwambia asiitupe, aishike mpaka iishe. Nailoni haiungui ikawa majivu. Inayeyuka, inadondoka kama uji wa moto, na ikigusa ngozi haibanduki. Ngusa alipiga ukelele mmoja tu. Mkewe Sesilia akasimama. "Basi jamani, inatosha."

"Wewe uko upande gani?" Boaz akamuuliza.

Sesilia akakaa.

Hukumu ikawa kutengwa mpaka mvua inyeshe. Asisalimiwe, asiuziwe, asipewe moto wala maji, na atakayezungumza naye atengwe naye. Sesilia aliishika sheria hiyo ndani ya nyumba yake. Alikuwa anaweka sahani mlangoni, kisha anamwambia mbuzi kwa sauti, "Chakula kiko pale," mumewe asikie. Hakuna bodaboda aliyekubali kumpakia. Siku ya sita vidole viliponuka, alitembea peke yake hadi Buseresere, na huko hospitalini wakamkata viwili.

Siku ya kumi na moja mvua ikanyesha. Vigelegele vikapigwa nyumba kwa nyumba. Boaz alisimama kwenye baraza langu, analowa makusudi, anacheka. "Mmeona?" Isingenyesha, labda tungeona haya. Ilinyesha, na hatia yote ikabaki kwa Ngusa.

Tukaanza kumsalimia tena. Tukampelekea suruali za kukata pindo, lakini mkasi haukukaa tena mkononi mwake.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha wakati usio wake, na tofali mbichi za Masele zikaanza kumomonyoka. Nilikuwa uani kwa Sesilia, Masele akaingia na kuku kwapani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nifungie mvua siku nne tu, nichome tanuru langu."

Ngusa alimtazama. "Masele, mimi sijui kufunga mvua."

"Fundi, usinifiche. Sote tuliona."

"Sijui, ndugu yangu. Sijawahi kujua."

Masele akaondoka na kuku wake. Kufika jioni habari ilikuwa imeenea: fundi anaweza ila hataki, ana kinyongo, anataka tofali za watu ziharibike. Usiku wa pili mtu akarushia mawe paa lake la bati. Asubuhi Sesilia alimfungia nguo zake na kumwambia aende Shinyanga kwa binti yao Rebeka. Yeye hakumfuata. Alisema hawezi kuacha shamba.

Mwaka jana nilikwenda Shinyanga kufuata mzigo, nikamkuta Ngusa mtaa wa Kambarage, kwenye kibanda cha Rebeka, anauza vifungo na nyuzi. Alinifurahia. Akamwita binti yake aniletee stuli.

"Huko mvua zinanyesha?" aliniuliza.

"Zinanyesha."

"Mungu ashukuriwe." Aliinamisha kichwa. "Laiti ningejua mapema, mayu, ningeacha mwenyewe. Watoto wa watu walilala njaa kwa ajili ya mchezo wangu."

Mwaka uliotangulia mvua zilichelewa mwezi mzima, na yeye hakuwapo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia hivyo. Lakini angeniuliza kwa nini basi sikusema siku ile ya mkutano, na basi langu lilikuwa la saa nane. Nikanunua vifungo sita vya shati, nikamuaga.