Rekodi ya Marehemu Kwenye Kaseti ya Gemu

Mtaa mzima humwita Mama Gemu, na jina hilo kalipata kwa jasho lake. Kibanda chake cha ufundi kina meza moja, taa ya kuinama na makopo yaliyojaa vitufe, skrubu na vioo vya gemu za mkononi. Hebu mwulize habari za gemu hizo uone kama utaondoka mapema! Atakuanzia na zile za kwanza, nene kama mche wa sabuni, skrini ya kijani isiyo na taa, zilizokuwa zikifakamia betri nne nne. "Ukitaka kucheza jioni, unakwenda kusimama chini ya taa ya barazani, wewe na mbu wako," husema. Kisha zikaja za rangi, zikaja za kukunjwa zenye mwanga wake, zikaja za kuguswa kwa kalamu. Siku hizi watoto wana simu, naye hutengeneza gemu za watu wazima wanaoukumbuka utoto wao.

Ya kwake mwenyewe ni ile nene. Aliinunua marehemu mumewe, dereva wa lori, wakiwa bado wachumba. Bwana yule alikuwa bingwa wa kupanga matofali yanayodondoka, na kwa majigambo hakuwa na mwenzake. Akirudi safari, anawasha gemu hata viatu hajavua. "Mke wangu, njoo utazame nani yuko juu!" Jina lake lilikaa kileleni mwa orodha ya alama miaka yote, mkewe hakuwahi kumkaribia. Tangu amzike, Mama Gemu huiwasha asubuhi, akalitazama lile jina, akazima. Hachezi.

Sasa, rekodi hizo hutunzwa na kibetri kidogo ndani ya kaseti, kile kibao cha mchezo kinachochomekwa mgongoni mwa gemu, na kikifa, kila kitu kinafutika. Cha kaseti hii kilikuwa hoi. Dawa yake Mama Gemu aliijua: unashikiza nyaya za betri ya nje ili kumbukumbu isikatike, ndipo unatoa kibetri cha zamani na kuchomelea kipya. Za wateja hajawahi kuharibu hata moja. Lakini hii! Aliiahirisha weee, mpaka binti yake akamwambia, "Mama, ukizidi kungoja itakufa yenyewe."

Basi akakaa, binti akamshikia taa. Nyaya zikashika. Kibetri cha zamani kikatoka salama. Hapo akaona vumbi kwenye meno ya kaseti, na mkono ukafanya ulichozoea tangu usichana: ukaiinua hadi mdomoni, akaipuliza. Fuu! Nyaya zikachomoka.

"Mama! Umeipuliza?"

Yeye huyu, anayewagombeza wateja kila siku kwa kupuliza kaseti! Alichomelea kibetri kipya, akawasha. Orodha ilikuwa tupu.

"Ameniacha mara ya pili," alisema, akalia kwa sauti, binti amemkumbatia.

Walipotulia, binti akambembeleza acheze, angalau wajue kaseti ni nzima. Akacheza ovyo, matofali yakajaa chapuchapu. Lakini kwa kuwa orodha haikuwa na mtu, gemu ikamweka namba moja, ikamwomba jina.

"Haya, bingwa, andika," binti akamtania.

Mama Gemu akaandika la mumewe, mbele ya alama za aibu ambazo marehemu mwenyewe angezikana mchana kweupe. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Baba watoto," aliiambia skrini, "leo nakung'oa." Akabonyeza kuanza.