Mashamba Manne Chini ya Mstari

Nilipoandika mémoire yangu ya kilimo, kazi ya kumaliza chuo, huko Butembo, nilikuwa nimepima mavuno ya aina moja ya mbegu ya maharagi katika mashamba arobaini ya Kalunguta. Nilipima mwenyewe, mfuko kwa mfuko. Kisha nikaingiza hesabu zote katika ordinateur, kompyuta ya faculté, na kuandika amri niliyofundishwa: qnorm mavuno.

Amri hiyo huchora mstari unaopanda, na kila shamba huwa nukta. Mavuno yakitawanyika kwa kawaida, nukta hufuata mstari. Zangu zilifuata, isipokuwa nne. Hizo zilikuwa zimeanguka chini kabisa. Nikageuza hesabu kuwa logariti, nikachora upya. Zikaanguka zaidi.

Chef de travaux, mwalimu aliyenisimamia, tuliyemwita CT, akainama kutazama.

"Hizi ine ulipima mubaya. Rudia kupima."

"CT, njia hapana. Batu ba kule bamekimbia."

"Basi tafuta benye mashamba, uulize. Ama uzitoe."

Kati ya wenye mashamba hayo manne nilijua alipo mmoja tu, mama mmoja aliyekimbilia Beni. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, asubuhi, nikamkuta kwa familia moja ya kanisa lake, akipepeta maharagi ya wenyeji wake. Alinitambua mara moja.

"Mama, siku ile tulipima muzuri?"

"Ulipima muzuri, mwana wangu. Ni siye tulivuna mbio, maharagi ingali mabichi, sababu tulisikia masasi ya bunduki. Ingine tuliacha kule kule."

Nikamwonyesha mchoro, nikamwambia kila nukta ni shamba la mtu. Akapitisha kidole juu ya karatasi polepole.

"Yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Sasa benzangu banapanda huku, juu ya nini miye niko huku chini?"

Nikaanza kumweleza habari ya kawaida na isiyo ya kawaida, nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikakunja karatasi. Akauliza kama karatasi ile itafika kwa wakubwa, na kama wataona kwamba yeye hakuwa mvivu. Nilisema sijui. Akanipa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula, maana kukataa kungekuwa aibu juu ya aibu.

Niliporudi Butembo nikamwambia CT kwamba vipimo ni vya kweli. Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya.

"Nakuamini. Lakini mémoire yako iko juu ya mbegu, haiko juu ya vita. Toa."

Nilirudi kwenye ordinateur. Nikaandika amri ya kufuta, drop if mavuno, alama ya "ndogo kuliko", na namba. Programu ikanijibu kwamba imefuta mistari minne ya hesabu. Nikachora tena, na nukta zote zikafuata mstari vizuri kabisa. Chini ya ukurasa niliweka sentensi moja kuhusu mashamba manne yaliyoachwa nje. Siku ya kutetea kazi, hakuna hata mmoja wa jury, walimu walionihoji, aliyeiulizia. Mmoja wao alisifu mchoro.

Juma lile lile mama yule akanipigia simu kutoka Beni.

"Mwana, ulimaliza?"

"Nilimaliza, mama."

"Mungu asifiwe. Na Kalunguta, unasikia nini?"

Sikuwa nimesikia kitu, nikamwambia hivyo. Akaniulizia afya ya mama yangu.