Kochi la Msibani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu kuliko niliouomba, akanipa miaka ya kusema na sasa miaka ya kunyamaza. Namshukuru kwa yote mawili. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na Mola awarehemu wote waliotutangulia, akiwemo kaka yangu ninayetaka kumweleza hapa.

Tulizaliwa wawili tu, kijijini Kinyangiri. Baba alikuwa na ng'ombe wachache, na jioni alisomesha watoto Kurani nyuma ya nyumba. Ulipofika wakati wa shule, alisema mmoja aende na mwingine abaki na mifugo. Kaka ndiye mkubwa. Akasema atabaki, akachukua fimbo yake akaenda kufungulia ng'ombe. Mimi nikasoma hadi sheria, nikarudi Singida mjini, nikafungua ofisi ya uwakili Utemini, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Kesi zangu zilikuwa za mipaka ya mashamba, ng'ombe walioibwa na wajane walionyang'anywa nyumba. Nilizunguka mahakama za wilaya hadi nikajulikana kila kijiji, na watu hao hao wakaniambia nigombee ubunge. Nikagombea, nikapata.

Tangu siku ile jina langu halikutamkwa tena. Niligeuka Mheshimiwa sokoni, msikitini, hata kwa shemeji yangu aliyekuwa akinituma kuteka maji. Kipindi cha pili nikagombea tena, nikashindwa. Nilidhani watu wamenichoka. Niliona haya kurudi kijijini, nikakaa Utemini na majalada yangu. Na kaka tulisalimiana kwa simu, na sikukuu nilikwenda mara moja moja, nikafika na kuaga siku hiyo hiyo. Mke wangu akafariki. Watoto wana maisha yao mbali. Ofisi nimemwachia wakili kijana. Siku zangu sasa ni msikiti, redio, na chai ninayoipika mwenyewe na kuinywa mwenyewe. Simlalamikii Mungu. Nasema tu nyumba ilivyo.

Mwaka huu, alizeti zikiwa zimeshavunwa, nilipigiwa simu kwamba kaka amefariki. Niliwahi maziko. Kesho yake nilibaki msibani nikiwa na haja moja tu: kukaa na watu walioishi naye, niwasikie wakimtaja. Mimi nilimjua alipokuwa mvulana. Uzee wake wote walikuwa nao wao.

Lakini mtendaji wa kijiji alikuwa ameazima kochi kwa mwalimu mkuu, akaliweka peke yake upande mmoja wa turubai, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Mbele yake meza ndogo na maji ya chupa. Wanaume wengine walikuwa wamekaa kwenye mikeka upande wa pili, wakizungumza Kinyiramba chetu na kucheka kidogo kidogo, kama watu wanavyocheka msibani wakimkumbuka mtu. Nikainuka kuwafuata. Walipoona nakuja, wote wakasimama.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba. Kaeni, nimekuja kukaa nanyi."

Mzee mmoja akakung'uta mkeka kwa kanzu yake. Mwingine akaniuliza bei ya mafuta ya taa huko mjini, kwa Kiswahili cha mkutanoni. Nikajibu. Mtendaji akanishika kiwiko kwa adabu.

"Mheshimiwa, utachafuka. Karibu kwenye kiti chako."

Chakula kilipoiva, wao walizunguka sinia. Mimi nililetewa sahani ndani ya nyumba, nawa peke yako, kula peke yako, na mlango umerudishwa ili nisisumbuliwe. Niliwasikia wakicheka tena. Nilimsikia mmoja akitaja jina la kaka, nikaacha kutafuna nisikie, lakini maneno hayakufika.

Nilirudi kwenye kochi. Hapo ndipo alipofika binti wa mjomba wetu, bibi kizee sasa, ambaye kwa mila ni mtani wetu. Kwetu mtani akifika msibani ana ruhusa ya kusema lolote, na hakuna wa kumkasirikia. Alikuwa amevaa koti la kaka na kofia yake, anaswaga ng'ombe wasiokuwepo, anakohoa kama yeye. Wanawake wakaangua kicheko na machozi pamoja. Akaniona. Akasimama.

"Huyu nani kawekwa hapa kama bibi harusi?"

Mtendaji akasogea. "Bibi, huyo ni Mheshimiwa."

"Uheshimiwa wake unaishia Dodoma. Hapa ni mtoto wa shangazi yangu, aliyekojoa kitandani mpaka anaota ndevu." Akanigeukia. "Aliyefariki yuko kule tulikomzika. Wewe umekufa lini hata umelazwa kwenye sofa? Inuka. Jikoni kuni zimekwisha."

Nikainuka. Nikabeba kuni, huku yeye akinifuata nyuma na fimbo, akinihesabia makosa kwa sauti. Gogo moja likanidondokea mguuni. Wanaume wakacheka hadi wakashikana mabega, na kochi akalikalia yeye, akajifungulia maji ya chupa. Nilipomaliza sikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye mkeka. Safari hii hakuna aliyesimama. Mmoja alisogeza goti, nikakaa.

"Kaka yako angekuona leo," akasema jirani yake wa miaka mingi, "angesema ndicho alichokuwa akikitaka."

"Alitaka nini?"

Wakatazamana. Yule bibi akadakia kutoka kwenye kochi. "Mwambieni. Kwani atawashtaki? Uwakili wenyewe keshastaafu."

Yule jirani akatazama mikono yake. "Ule uchaguzi uliokosa, kaka yako alipita kwetu nyumba kwa nyumba. Alisema, mkimpa tena huyu hatarudi nyumbani. Mnyimeni, nimpate mdogo wangu."

Nilicheka, kwa sababu wao walinitazama wakisubiri nicheke. Kisha nikainama. Alikuwa ameninyima kiti ili nirudi, nami niliponyimwa nikaona haya nikakaa mbali. Naye hakuwahi kunipigia kusema njoo. Sisi wawili tulikuwa hivyo, jambo zito hatukulisema.

"Alisema nini tena?" niliuliza.

Wakanieleza mpaka adhana ya alasiri. Tukaswali safu moja, kisha nikarudi Utemini. Kinyangiri nakwenda bado, kuzuru kaburi lake na kumsikiliza yule bibi akinitukana. Ila aliyekuwa akinisubiri pale hayupo tena, na jioni narudi kuwasha taa yangu.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akujaalie watu wasiokuogopa. Na kama yupo ndugu anayekungoja asijue namna ya kukuambia, Mola akufikishe kwake angali hai, mle sinia moja. Amina.