Mbegu Mpya Nje ya Boma la Ng'ombe

Tulipokuwa bado wageni kwenye shamba letu la Lumakanda, mzungu aliyemiliki eneo lote akiwa ameshaondoka, kila jirani alikuwa akisifu mbegu mpya ya mahindi. Mume wangu naye akataka tuipande shamba zima. Nilikataa.

"Mama watoto, kwani hukuona ya jirani?" aliniuliza. "Mahindi ilisimama kama ukuta!"

Nilikuwa nimeyaona, na ndiyo maana nilikasirika. Jirani aliipanda mbegu mpya pale mzungu alipokuwa akilaza ng'ombe, na ya zamani akaitupa kwenye mteremko wa mawe. Wote walifanya hivyo, maana mgeni hupewa kiti kizuri. Sasa nani angejua kilichozaa ni mbegu au ni samadi?

"Tukingoja msimu mmoja, tutakosa ziada tu," nilimwambia. "Tukikosea shamba zima, watoto watakula nini?"

"Wewe unabishananga sana."

"Nitabisha mpaka nione."

Nikaligawa shamba vipande, kuanzia upande wetu wa boma hilo la ng'ombe mpaka kwenye mawe, na kila kipande nikakikata nusu mbili. Mbegu ya zamani nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Ilining'inia juu ya meko ikila moshi, nayo ilikuwa nyekundu. Mpya ilikuwa nyeupe. Nikatia punje za rangi zote mbili ndani ya kibuyu. Kwenye kila kipande mama mkwe alifumba macho, akachomoa punje moja, na rangi iliyotoka ndiyo tuliyoipanda nusu ya juu. Majirani walicheka, eti nachezea chakula kamari.

"Hata mitume walipiga kura," mama mkwe akawajibu.

Nilipalilia nusu zote sawasawa, na wakati wa kuvuna nikakataza mtu yeyote kuchanganya marundo.

Mbegu mpya ilishinda, hata kwenye mawe. Roho iliniuma, kwa sababu nilitamani ya mama yangu ishinde. Mume wangu akasimama kati ya marundo akijipiga kifua.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia, baba watoto, lakini ulikuwa umesimama juu ya samadi."

Msimu uliofuata nilimtangulia shambani, nikapanda mbegu mpya kila mahali bila hofu ya njaa. Ya mama yangu nikaiachia kipande kimoja tu, pale bomani.