Spana ya Bega

Jina la Jiriwa alilipata gerejini, kwa sababu ya viganja vyake. Jiriwa ni kile chuma kinachofungwa pembeni mwa benchi ili kubana kitu kisicheze kikikatwa, na yeye alikuwa akikushika mkono kukusalimia tu, unarudi nyumbani unajikanda. Mtu wa heshima, hilo hakuna aliyelipinga. Halewi, hazururi, na shati lake la kuendea misibani lilikuwa limepigwa pasi wakati wote. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga, na wepesi huo hakuzaliwa nao. Alifundishwa.

Aliyemfundisha aliitwa Fundi Mkubwa, mtu mfupi mwenye shingo nene, ambaye alimpokea Jiriwa kabla hajaota ndevu. Fundi Mkubwa hakuwa na imani na namba za spana. Alikuwa akilala chini ya gari, ananyoosha mkono nje na kutaja spana anayoitaka. Ukimletea isiyo yenyewe, anatoka, anakwenda mwenyewe kuichukua ile sahihi, na kwa hiyo hiyo anakupiga.

"Namba utaisahau," alikuwa akisema huku akirudi chini ya gari. "Hii hutaisahau."

Spana namba kumi ilimpata Jiriwa kwenye ncha ya kidole, kidole kikiwa juu ya benchi, na ukucha ukang'oka mzima. Kumi na tatu ilimpata kwenye kiwiko. Kumi na tisa ilimpata begani, mara mbili pale pale, maana mara ya kwanza hakulia. Ishirini na nne ikamvunja ubavu, na msimu mzima wa mvua alikuwa akivuta pumzi kwa mafungu. Tangu hapo namba hazikutajwa tena. Fundi Mkubwa alisema, "Lete ya kidole," au, "Lete ya ubavu," na mwili wa Jiriwa ulikimbia kuifuata kabla kichwa hakijafikiri. Hakukosea tena. Alitoka pale akiwa fundi kamili, na mwenyewe alijivunia.

Aliajiriwa kwenye kampuni ya malori, akafanya kazi miaka mingi, mpaka siku mtunza stoo alipompa mpini wa jeki badala ya jeki yenyewe na kumtania juu yake. Jiriwa alimgonga uso kwenye kaunta. Meno yakabaki kwenye mbao za kaunta kama mbegu. Kibarua kikaota nyasi siku hiyo hiyo, na Jiriwa akarudi nyumbani na boksi lake la spana, akafungua gereji kwenye banda la gari lililokuwa ubavuni mwa nyumba yake.

Lile banda lilikuwa fujo tupu. Spana zilikaa kwenye ndoo za rangi, kwenye masufuria yaliyotoboka, nyingine zimezama kwenye mchanga uliolowa oili. Jiriwa alisema anajua kila kitu kilipo, na ni kweli alijua, ila wasaidizi wake hawakujua. Akiita kitu, mtu anachakura, anachelewa, anakosea, kisha unasikia kishindo. Msaidizi mmoja aliondoka na sikio lililopasuka. Mwingine aliruka ukuta, akaacha viatu.

Kishindo kikianza, mkewe, Mama Bisi, alikuwa akitoka jikoni taratibu, anakwenda kuwasha mashine ya upepo, ile ya kujazia matairi. Ilinguruma kama trekta. Majirani walisikia kazi, hawakusikia kingine. Mama Bisi alikuwa mwanamke wa kulinda jina la nyumba yake, na aliliweza.

Bisi ndiye binti yao wa pekee. Alizaliwa mwembamba na mrefu, baba yake akamwita Bisibisi, ulimi wa nyumbani ukalikata jina. Alikulia kwenye lile banda. Kabla hajajua kuhesabu alijua ya kidole, ya kiwiko na ya bega, akidhani ndiyo majina ya spana dunia nzima. Alipokwenda chuo cha ufundi, mwalimu aliinua kumi na tisa na kuuliza ni ipi. Bisi akajibu, "Ya bega." Darasa zima lilicheka, naye akacheka nao. Kila nyumba ina maneno yake, alifikiri.

Alimaliza chuo na cheti kizuri, na baba yake akamwita nyumbani. Hakumwambia ukweli wote. Macho yake yalikuwa yameanza kukataa kazi za karibu, mgongo ulikuwa umekwisha, na hapakuwa na msaidizi mtaa mzima aliyekubali kuingia kwenye lile banda. Bila Bisi, gereji ilikuwa inafungwa, na Jiriwa bila gereji alikuwa mtu wa kukaa kibarazani kuhesabu magari ya wenzake.

Walifanya kazi vizuri majuma machache. Kisha ikaja pikapu ya muuza mchanga, Jiriwa akiwa chini yake, oili ya moto ikimchuruzika mpaka kwapani.

"Ya bega," aliita.

Bisi alichakura kwenye ndoo. Ile ndoo ilikuwa na spana nyingi zilizoungana kwa grisi. Akamwekea moja kiganjani.

Ilikuwa kumi na nane. Jiriwa alitoka chini ya pikapu, akaenda kwenye ndoo, akaitoa kumi na tisa, akampiga nayo binti yake begani. Kisha akampiga tena pale pale, kwa sababu hakulia.

Bisi alianguka juu ya jeki. Alipoinuka alikuwa ameshika mpini wa jeki. Alimpiga baba yake mkono wa kulia, katikati ya kiwiko na kiganja, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Jiriwa akapiga magoti. Mashine ya upepo ikaanza kunguruma. Mama Bisi alikuwa amesimama kando ya mashine, uso umeelekea ukutani.

Bisi alikwenda akaizima.

"Sasa nimeelewa kwa nini inaitwa ya bega," alisema.

Jiriwa alimtazama. Jasho lilimtoka kama maji ya bomba.

"Nilikuwa nikiwafundisha wenzangu chuoni, Baba. Nawaambia kwetu tunaita hivi, kwetu tunaita vile. Na wewe unajua yametoka wapi."

"Ndivyo nilivyofundishwa mimi."

"Mimi sikufundishwa hivyo. Mimi nimefundishwa namba."

"Namba zinasahaulika."

"Basi nitaziandika ukutani. Nikibaki. Na nikibaki, siku utakayompiga mtu humu ndani, mtu yeyote, nabeba boksi langu. Hutaniona tena na spana mkononi hapa kwako."

"Hata akiwa mwizi?"

"Hata akiwa mwizi. Mama, mpeleke hospitali. Waambie jeki imeteleza."

Hata yeye, ilipofika hapo, alilinda jina la nyumba.

Jiriwa alirudi na plasta mpaka juu ya kiwiko, akakuta banda lake limetolewa matumbo. Kila kitu kilikuwa uani juani. Bisi alikuwa amejifunga kanga kifuani kuubana ule upande ulioumia, na kwa mkono mmoja alikuwa anavunja rafu ya zamani kwa nyundo, kila pigo akilitoa kifuani kwa mguno. Mbao zilizooza zilipasuka, misumari ikaruka. Ilikuwa kama anaua nyoka.

Chuma kibovu kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Spana zililowekwa kwenye mafuta ya taa, zikasuguliwa moja moja mpaka namba zikaonekana. Sakafu ya mchanga ilimwagwa saruji, na ukuta ukapigwa rangi nyeupe mpaka ukawa kama wa zahanati. Taa mbili ndefu zilishuka kutoka kwenye boriti, moja juu ya benchi na nyingine juu ya shimo la kuingilia chini ya gari. Jiriwa ile ya chuma ilihamishwa kutoka kwenye kona yenye giza, ikafungwa mahali ambapo mtu wa kimo chochote angeifikia. Ukutani Bisi alipigilia ubao mpana, akapanga misumari, akatundika spana kuanzia ndogo hadi kubwa, na chini ya kila moja akaandika namba kwa rangi nyekundu, kubwa za kusomeka hata na macho ya baba yake.

Jiriwa alikaa juu ya tairi akinuna.

"Umetengeneza gereji au saluni?"

"Saluni. Tutakusuka na wewe."

"Nipe ya kiwiko, nijaribu kitu."

Bisi alichovya brashi kwenye rangi.

"Bisi. Ya kiwiko."

Bisi aliendelea kupiga rangi. Mama Bisi, aliyekuwa akifagia misumari, alizuia kicheko kwa ncha ya kanga.

"Kumi na tatu," Jiriwa alisema hatimaye, kama mtu anayetema mfupa.

"Ipo ukutani, Baba. Ukisimama unaifikia."

Alisimama. Aliifikia.

Tangu hapo kazi ilikwenda. Hakuna aliyemwomba mwenzake spana, maana kila mtu aliona aitakayo ilipo. Yalikuja mambo ya kumpandisha mori: nati zilizokatika, wateja wenye maneno, dereva wa teksi aliyempigia Bisi mluzi kama anaita mbuzi. Kila mara Jiriwa alikuwa akiupeleka mkono wake mzima nyuma, anashika mkanda wa suruali na kuuvuta mpaka suruali inambana. Bisi alikuwa akiona, anaendelea na kazi yake. Plasta ilitolewa, mkono ukarudi, mwembamba kidogo, lakini kiganja kilikuwa kile kile.

Kisha asubuhi moja gari kuukuu liliingia uani, gurudumu la mbele likilia, na aliyeteremka akiegemea mkongojo alikuwa Fundi Mkubwa.

Alikuwa amekauka, lakini shingo ilikuwa ile ile. Jiriwa, mtu mzima mwenye mvi, alijikuta amesimama wima, mikono ubavuni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nimesikia una gereji ya kisasa." Mzee aliingia, akautazama ukuta kutoka huku mpaka huku. "Umefungua duka la dawa?"

"Ni kazi ya binti yangu."

"Naona. Na nani anapigwa hapa?"

"Hapigwi mtu, babu," Bisi alisema. "Kaa hapo nikutazamie gurudumu."

"Nikae nitazame msichana akinifungulia gari?" Mzee alitupa mkongojo, akainama kwa taabu mbele ya gurudumu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Ya bega."

Mwili wa Jiriwa ulikimbia. Alikuwa amekwisha fika ukutani, vidole vimegusa kumi na tisa, kichwa kilipomfikia. Alibaki pale, ameshika spana ukutani, hawezi kuitoa wala kuiacha.

Bisi alimwona. Akasimama katikati yao.

"Hapa hatuna ya bega, babu. Kuna kumi na tisa. Itaje kwa namba nikupe."

Mzee aligeuka polepole. "Huyu hana adabu. Unamfundisha wewe au nimfundishe mimi?"

Mzee aliinuka, akamsukuma Jiriwa kando, akaitoa spana ukutani, na kabla mtu hajafumba jicho alimpiga Bisi begani, lile lile bega. Kitu kilivunjika, kikasikika. Bisi aligonga benchi, akateleza mpaka sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu.

Jiriwa alimdaka mzee kifundo cha mkono, akakibana. Mkono wa pili ulikuwa umekwisha chukua nyundo kubwa na kuiinua. Aliisikia mifupa ya mzee ikisogea ndani ya kiganja chake, laini, kama ya kuku. Kidole, kiwiko, bega, ubavu, vyote vilimwuma kwa pamoja.

"Piga," mzee alisema, mate yakimtoka. "Unasubiri nini? Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Baba," Bisi alisema kutoka sakafuni.

Jiriwa akaishusha nyundo, akaiweka juu ya benchi kwa uangalifu, kama anaweka yai, na kufungua vidole vilivyombana mzee kimoja baada ya kingine.

Mzee, alipoachiwa, akampiga mdomoni kwa ile spana. Meno mawili yakaenda. Jiriwa alipeleka mikono yote miwili nyuma, akashika mkanda. Mzee akampiga tena, shavuni, na ngozi ikachanika mpaka kidevuni. Damu ilimwagika juu ya saruji mpya.

Mama Bisi alikuwa amefika mlangoni. Alitazama, kisha akaanza kwenda kwenye mashine ya upepo, kama miguu ilivyozoea njia.

"Usiwashe," Jiriwa alisema, maneno yakitoka na povu jekundu. "Waache wasikie."

Mama Bisi alisimama. Akageuka, akalisukuma lango la uani likafunguka wazi. Watu walikuwa wamekwisha simama barabarani: muuza mchanga, jirani mwenye cherehani, watoto wa shule. Wote walimwona mzee akiinua spana mara ya tatu juu ya mtu aliyesimama mikono nyuma, na hakuna aliyewahi kuwaza kumwona Jiriwa hivyo.

Bisi aliinuka, mkono mmoja ukining'inia. Kwa mkono mzima aliikamata spana ikiwa hewani, akaizungusha mpaka ikamtoka mzee, akamsukuma akae juu ya tairi. Mzee alikaa akihema, akitazama watu langoni, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee tu.

"Gurudumu lako lina beringi iliyokufa," Bisi alimwambia. "Leo sikubadilishii. Lakini gari halitoki kwetu na nati zilizolegea hivi."

Alichuchumaa. Alianza kukaza nati kwa mkono mmoja, akisaga meno, na zilipomshinda Jiriwa alichuchumaa kando yake, akaweka kiganja chake juu ya cha binti yake kwenye spana, wakasukuma pamoja. Damu ya baba ilidondoka juu ya ringi. Walipomaliza, muuza mchanga alimwingiza mzee kwenye lile gari kuukuu na kuliendesha polepole hadi nje.

Bisi aliifuta spana kwa kitambaa, akaitundika chini ya taa. Kisha mama yake akamfunga mkono kwa kanga.

Jiriwa alilitazama boksi la binti yake lililokuwa chini ya benchi. Hakuthubutu kuuliza kama atalibeba.

"Naenda hospitali," Bisi alisema. "Na wewe unakuja, ushonwe huo uso. Kesho kuna giaboksi ya lori. Usije ukaigusa peke yako kabla sijafika."

Jiriwa alitikisa kichwa kuitikia, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa damu.